Ramadhani, siku ya 16: Maboga yaliyokosa nyuki



Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana wa msikiti wetu, na nyinyi pia mnaotusoma mkiwa mbali na nyumbani. Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu ametufikisha siku ya 16. Nusu ya mwezi imeshatupita. Darsa la leo limekuwa refu kidogo kuliko la siku zote, kwa hiyo lisome taratibu. Ukichoka, soma nusu sasa, na nusu iliyobaki isome ukisubiri adhana ya magharibi.

Leo tunazungumza juu ya wadudu. Ndiyo, wadudu: nyuki, chungu, nyigu na wenzao. Na nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu wengi wenu mmeniuliza mwaka huu maboga ya msikiti yako wapi, na jibu nililokuwa nikiwapa lilikuwa la nusunusu. "Mwaka huu hayakukubali," ndivyo nilivyokuwa nikisema. Si uongo, lakini si ukweli wote. Na mfungaji hapaswi kujificha nyuma ya maneno ya namna hiyo.

*Kilichotokea*

Mnaijua bustani iliyo nyuma ya msikiti, pale maji ya udhu yanapotokea. Mwaka jana maboga yale yalitufutarisha. Akina mama waliyapika kwa nazi, watoto wa madrasa wakala, na yaliyobaki tukayapeleka kwa zile nyumba zilizo kwenye orodha yetu ya futari. Hatukununua boga hata moja sokoni. Mwaka huu tukapanda tena, mwishoni mwa Mfungo Nane, tukiwa na hesabu ileile: yakue, yakomae, Ramadhani iyakute tayari.

Ilipofika Rajabu mimea imetambaa vizuri na maua yameanza. Hapo yakatokea mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, majani yakaingiliwa na vidukari na mende wadogo wekundu. Pili, mtoto mmoja wa madrasa aliumwa na nyuki sikioni, sikio likavimba, na mzazi wake akaja kunilalamikia. Alikuwa na haki ya kulalamika. Mimi, bila kuuliza mtu, nikamwambia mzee anayetutunzia bustani: "Piga dawa. Kila baada ya siku nne, asubuhi mapema, kabla watoto hawajafika."

Mzee alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, maalim." Sikumuuliza alitaka kusema nini. Hilo nalo ni kosa, nitalirudia baadaye.

Baada ya wiki mbili bustani ikawa kimya. Hakuna nyuki, hakuna nyigu, hata vipepeo hamna. Wallahi nilifurahi. Nilipita pale nikajisemea, sasa ndiyo pamekuwa pasafi.

Kisha vile viboga vidogo, ukubwa wa ndimu, vikaanza kugeuka njano na kudondoka. Kimoja leo, vitatu kesho. Nikasema ni maji, tukaongeza maji. Nikasema ni mbolea, tukaongeza samadi. Halafu, astaghfirullah, moyoni nikaanza kufikiria kwamba labda kuna mtu ana jicho na bustani yetu. Tazama shetani anavyofanya kazi: nilikuwa tayari kumdhania muumini mwenzangu kabla sijajidhania mimi.

Siku moja bwana shamba mmoja alikuja kuswali adhuhuri hapa kwetu. Baada ya swala nikampeleka bustanini. Akaokota kiboga kilichodondoka, akakipasua kwa kidole, akaniuliza swali moja tu: "Maalim, dawa mnapiga saa ngapi?"

Nikamwambia, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Akatikisa kichwa, akasema, "Basi. Maua ya kike hayakupata unga. Nyuki mmewaua mlangoni."

*Ua lina asubuhi moja tu*

Ndugu zangu, mimi nina stashahada ya ualimu. Nimewachorea watoto sehemu za ua ubaoni kwa miaka mingi, kwa chaki za rangi, na mtihani nimetunga. Lakini mpaka siku ile sikuwahi kuinama nikalitazama ua la boga lenyewe. Bwana shamba alinionyesha, na sasa nawaonyesha nyinyi, kwa sababu kila mwenye shamba au hata shina moja la boga uani anaweza kwenda kuliona.

Shina moja la boga hutoa maua ya aina mbili. Ua la kiume linasimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, na ndani yake kuna unga wa njano, ule ambao vitabu vya shule vinauita chavua. Ua la kike liko chini zaidi, na ukilitazama utaona tayari limebeba kiboga kidogo mno chini ya petali zake. Kile kiboga bado hakijawa chochote. Ni kama nia iliyowekwa ikasubiri amali. Unga wa ua la kiume usipofika pale ndani, kitageuka njano na kudondoka, hata ukimimina kisima kizima.

Unga wenyewe ni mzito na unanata. Upepo hauwezi kuubeba. Lazima mdudu auchukue kwenye mwili wake, na anayefanya kazi hiyo zaidi ni nyuki. Tena safari moja haitoshi, wanatakiwa waje na warudi mara kadhaa. Na muda wenyewe ni mfupi: ua linafunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na likishafunga halifunguki tena. Ua la kike lina asubuhi moja tu katika umri wake.

Na mimi asubuhi hiyo ndiyo niliyoijaza sumu.

Kuna jingine. Bwana shamba aliniambia kwamba dawa ile haikuua nyuki peke yao. Iliua na nyigu wanaowinda viwavi. Iliua na wale inzi wenye mistari wanaofanana na nyuki, ambao watoto wao, wale mabuu, hula vidukari. Ndiyo maana vidukari walirudi upesi, na waliporudi hawakukuta adui. Kwa hiyo sikumwondoa niliyemkusudia, nikamwondoa aliyekuwa akinisaidia.

Tuliacha dawa. Mzee na mimi, na vijana wawili wa madrasa, tukawa tunatoka swala ya alfajiri moja kwa moja kwenda bustanini. Tunachuma ua la kiume, tunalivua petali, tunaligusisha ndani ya ua la kike kwa mkono. Kazi ya kuinama, ua moja baada ya jingine. Siku ya kwanza tulifanya maua kumi na moja, mgongo ukaniuma mpaka jioni. Nyuki hufanya kazi hiyo bila hata kuombwa.

Baadhi yalishika. Mkienda leo mtayaona, lakini hayatakomaa kabla ya Idi. Ndiyo sababu mwaka huu maboga tumenunua, na fedha zimetoka kwenye fungu ambalo lingenunua tende na sukari. Siku ya tatu ya Ramadhani mama mmoja mjane aliyezoea kupata boga zima alipewa kipande. Akasema, "Si neno, maalim, Mungu atajaalia." Akaondoka. Hakujua kwamba nusu nyingine ya boga lake niliiangamiza mimi, mwezi wa Rajabu, asubuhi mapema, kwa kutaka pawe pasafi.

Sasa mmejua. Naomba mnisamehe, na yeye akisoma hapa naye anisamehe.

*Neno la chungu*

Usiku ule nilifungua Surat An-Naml. Sote tunaijua kisa chake tangu chuoni. Nabii Sulayman, amani imshukie, anapita na jeshi lake la majini, watu na ndege, wanafika kwenye bonde la chungu. Aya ya 18 inatueleza kwamba chungu mmoja akawaonya wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Sulayman na jeshi lake bila wao wenyewe kujua.

Nimeisoma aya hii miaka mingapi? Nimeifundisha mara ngapi? Usiku ule ndipo nilipoona mwisho wake unanihusu mimi. Wanazuoni wameizungumzia adabu ya yule chungu: hakumtuhumu Nabii wa Mungu kwa dhulma. Hakusema hawa ni watu wabaya. Alichohofia ni kutojua kwao. Jeshi zuri, lenye kiongozi mwema, lililotoka kwa jambo jema, bado linaweza kuponda umma mzima wa viumbe kwa sababu tu halikutazama chini.

Na Nabii Sulayman alifanya nini? Aya inayofuata inasema alitabasamu kwa maneno ya chungu, kisha akamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru neema. Mfalme mwenye ufalme ule wote alisikia sauti ya kiumbe mdogo kiasi kile, akaitilia maanani. Sasa jilinganishe. Sisi hatuna jeshi, tuna bomba la dawa na mguu wenye kandambili, na hatusikii.

Ndugu yangu, hili ndilo neno la leo, na ukisahau mengine yote shika hili: *madhara mengi tunayoyafanya hatuyafanyi kwa ubaya, tunayafanya kwa kutotazama.* Na saumu imekuja, pamoja na mengine, kututia adabu ya kutazama.

*Nyuki katika Kitabu*

Mwenyezi Mungu ameipa sura nzima jina la nyuki, Surat An-Nahl, sura ya 16. Leo ni siku ya 16 ya mwezi, imesadifu tu, lakini si vibaya ukaisoma leo. Katika aya ya 68 na 69 anatueleza kwamba yeye ndiye aliyemfunulia nyuki afanye nyumba milimani, mitini na katika wanayoyajenga watu, ale katika matunda ya kila namna, apite njia alizofanyiwa nyepesi. Kisha anataja kinywaji kinachotoka matumboni mwao, cha rangi mbalimbali, chenye ponya kwa watu. Na anamalizia kwa kusema kwamba katika hayo mna ishara. Ishara kwa nani? Kwa watu wanaofikiri.

Walimu wa nahau watakwambieni jambo: amri zile kwa nyuki zimekuja kwa umbo la kike. Na nyuki wanaotoka kutafuta chakula, wanaojenga masega na kutengeneza asali, wote ni majike. Nyuki mfanyakazi katika kipindi cha kazi nyingi huishi kama wiki sita hivi, na wanaofuatilia mambo haya wanakadiria kwamba asali anayoitengeneza katika umri wake wote ni kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Fikiria hilo unapochovya tende au mkate kwenye asali leo jioni. Kijiko kimoja ni umri wa nyuki kumi na wawili.

Na ile habari ya njia. Alikuwepo mtaalamu mmoja wa Austria, Karl von Frisch, ambaye kwa miaka mingi alikaa akiwatazama nyuki ndani ya mzinga. Akagundua kwamba nyuki anaporudi nyumbani na habari ya maua, huwaeleza wenzake kwa kucheza: mwelekeo wa mchezo wake unawaonyesha upande wa kwenda kwa kulinganisha na jua, na urefu wa mchezo unawaonyesha umbali. Mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Simtaji ili tutambe kwamba sisi tulikuwa tunajua. Namtaja kwa sababu ametuaibisha. Yeye alitazama. Sisi sura tunayo, tumeihifadhi, na nyuki akiingia msikitini tunatafuta kandambili.

*Mtume wetu na viumbe wadogo*

Mtume (s.a.w.) amefundisha mambo manne yanayotutosha leo.

1. Imepokewa na Abu Daud na Ibn Majah, kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba alikataza kuuawa viumbe wanne, na wawili kati yao ni chungu na nyuki.

2. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa alichokisimulia Abu Hurayra, cha Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na chungu, akaamrisha kijiji chote cha chungu kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu: chungu mmoja ndiye aliyekuuma, nawe unaangamiza umma unaomsabihi Mola wake? Niliposoma kisa hiki nililikumbuka lile sikio la mtoto. Nyuki mmoja aliuma. Mimi niliua wangapi?

3. Katika Musnad ya Imam Ahmad, Mtume (s.a.w.) alimfananisha muumini na nyuki: anakula kizuri, anatoa kizuri, na anapotua hakivunji wala hakiharibu kile alichotulia. Hebu nenda kamwangalie nyuki anavyotua juu ya ua. Petali ni laini kuliko karatasi. Anaingia, anachukua riziki yake, anatoka, na ua linabaki bora kuliko alivyolikuta.

4. Katika Bukhari na Muslim pia, kutoka kwa Anas, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, hiyo ni sadaka yake. Kwa hiyo unapoona kitu kinakula kidogo kwenye bustani yako, usidhani yote ni hasara. Mengine yanaandikwa upande wa kulia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi tuwaache mende wale mazao yote, wala mbu watupe malaria. Sheria yetu imeruhusu kuondoa madhara. Lakini madhara huondolewa kwa kiasi chake, kwa njia iliyo nyepesi zaidi, na baada ya kumjua anayedhuru ni yupi. Mimi niliruka hatua zote tatu.

*Na watu je?*

Tukiishia kwenye wadudu tutakuwa hatujafika. Nani mwingine tunampitia juu bila kujua?

Dada anayefanya kazi nyumbani kwako, anaamka saa tisa usiku kupika daku, na saa nne asubuhi unamgombeza kwamba amesinzia. Hukukusudia kumdhulumu. Hukutazama tu kwamba naye amefunga.

Mtoto anayecheka nyuma wakati wa tarawehe, mzee anamfokea mbele ya safu nzima, na mwakani haji tena. Mzee alitaka utulivu wa msikiti. Alichokipata ni utulivu kama wa ile bustani yangu.

Mama anayeuza vitumbua na kaimati pembeni ya barabara. Unashusha bei mpaka anabaki na gharama ya mafuta tu, unaondoka umefurahi kwamba umeokoa shilingi mia mbili.

Na yule mzee wa bustani. Mnakumbuka nilisema alinitazama kidogo? Baadaye nilimuuliza. Akaniambia, "Nilijua, maalim. Lakini wewe ndiye imamu." Amelima miaka arobaini, na mimi sikumpa hata nafasi ya sentensi moja. Dawa ilikausha maboga, lakini kiburi changu ndicho kilichoshika bomba.

Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika Bukhari, kwamba asiyeacha maneno ya uongo na vitendo vyake, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Tumbo likiwa tupu, macho na ulimi vinatakiwa vizinduke. Na katika Surat Al-Furqan, aya ya 63, sifa ya kwanza ya waja wa Mwingi wa Rehema ni kwamba wanatembea juu ya ardhi kwa upole. Kutembea kwa upole ni kujua unakanyaga nini.

*Kazi ya leo na ya wiki hii*

Mvua za kwanza za masika zimeanza kwetu, na kila kichaka kimeamka. Ni wakati mzuri wa kutazama. Basi fanya haya:

1. Kesho baada ya swala ya alfajiri, usikimbilie kitanda. Jua likichomoza, kaa dakika kumi mbele ya ua lolote: boga, tango, mlonge, hata maua ya mnazi ukiyaweza kuyaona. Hesabu aina za wadudu wanaokuja. Utaona nyuki wa asali, huenda na wale nyuki wadogo wasiouma, na yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti za nyumba, ambaye ndiye anayeshughulikia maua ya mpesheni. Utaona vipepeo, nyigu, sisimizi. Chukua na mtoto wako. Kila aina mkiiona, semeni Subhanallah. Surat Al-Isra, aya ya 44, inatufundisha kwamba kila kitu kinamsabihi Mola wake, ila sisi hatuzielewi tasbihi zao.

2. Ikiwa ni lazima upige dawa, usipige asubuhi wala ua likiwa wazi. Subiri jua linapokaribia kuzama, nyuki wamesharudi. Kabla ya dawa, jaribu mkono: mende wanaokoteka, na vidukari wanasukumika kwa maji. Na muulize bwana shamba kwanza.

3. Weka sahani ya maji kivulini, tia vijiwe ndani ili nyuki wapate pa kusimama wasizame. Hiyo ni sadaka isiyokugharimu hata shilingi.

4. Nyuki wakihamia darini au kwenye mti wa uani, usichome moto wala usimwage petroli. Ondoa watoto karibu, mwite mrina asali au afisa nyuki wa halmashauri. Kundi likihamishwa kwa ustadi linakwenda kufanya kazi pengine.

5. Chagua mtu mmoja ambaye humtazami. Mtazame. Muulize anaendeleaje, na umsikilize mpaka amalize.

Na nyinyi ndugu zetu mlioko Uingereza, Ujerumani, Kanada na kwingineko kwenye baridi: huko kwenu sasa ndiyo machipuko yanaanza. Mkipita kwenye bustani mtamwona nyuki mmoja mkubwa, mnene, mwenye manyoya, anaruka chinichini karibu na maua ya mwanzo. Huyo ni malkia. Amelala ardhini peke yake baridi yote, wenzake wote wa mwaka jana wamekufa, na ametoka na njaa akitafuta chakula ili aanzishe kizazi kipya. Kizazi chote kinamtegemea yeye na maua machache ya mwezi huu. Yale maua ya njano yanayoota kwenye majani mbele ya nyumba, ambayo jirani anayaita magugu, yaacheni wiki chache kabla ya kuyakata. Mfungaji anamjua mwenye njaa.

*Mwisho*

Jana baada ya alfajiri nilikwenda bustanini peke yangu. Mashina yametoa maua mapya kwa mvua hii. Nyuki walikuwepo. Si wengi kama mwaka jana, lakini nilihesabu saba kwenye maua matatu, na mmoja alikuwa ameingia mpaka chini kabisa, ametoka amejaa unga wa njano mwili mzima kama mtoto aliyemwaga sembe. Nilisimama pale mpaka jua likawa kali. Sikuwa na la kusema isipokuwa istighfari, na baada yake hamdu.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyaponda tukijua na tuliyoyaponda bila kujua. Tufumbue macho tuone viumbe vyako, wakubwa na wadogo, wenye sauti na wasio na sauti. Tujaalie tule kizuri, tutoe kizuri, na popote tutakapotua tusivunje wala tusiharibu. Warehemu wazee wetu waliotutangulia, waponye wagonjwa wetu, wape riziki wajane na mayatima walioko kwenye orodha yetu na wale ambao hatujawaandika. Tukubalie funga zetu na utufikishe Lailatul Qadri. Amin.

Ukiona darsa hili lina faida, mpelekee mwenzio. Na kesho asubuhi, ukihesabu wadudu wako, njoo uniambie baada ya alasiri umeona aina ngapi. Mtoto atakayeona nyingi zaidi atapata zawadi yake siku ya Idi, na nadhani mnajua itakuwa nini. Tumwombe Mungu mawili matatu yakomae.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.